"Put off": ni kuahirisha au ni kukata hamu?

Ndugu uliyeuliza kama "put off" ni kuahirisha au ni kumkata mtu hamu, maana zote mbili ni sahihi, na mara nyingi kinachoamua ni kile kinachoguswa na kitenzi chenyewe. Kikiwa ni shughuli, kama vile kikao, safari au harusi, basi imeahirishwa: "They put off the wedding." Kikiwa ni mtu, basi ameondolewa hamu: "The smell put me off." Nimesema mara nyingi kwa sababu mtu naye huweza kuzungushwa, na "He keeps putting me off" husemwa juu ya mdaiwa ambaye kila ukimfuata hukuambia urudi kesho.

Usiitafute maana kwa kujumlisha "put" na "off". Kesi inapoahirishwa pale Kisutu, magazeti yetu huandika kwamba imepigwa kalenda, na hakuna msomaji anayeanza kwa kujiuliza maana ya kupiga. Ichukue "put off" vivyo hivyo, kama neno moja.

Itenge pia na "call off", ambayo ni kufuta kabisa. Katika kazi yangu ya kutafsiri barua za biashara hapa Posta, niliwahi kuletewa barua ya msambazaji iliyosema "The delivery has been put off until Thursday", na karani alikwisha kuandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba mzigo umefutwa, hata mteja akaanza kudai arudishiwe malipo ya awali. Neno "until" pekee lingetosha kuwatuliza wote, kwa kuwa jambo lililofutwa halipangiwi Alhamisi.

Katika sarufi, unaweza kusema "put off the meeting" au "put the meeting off", lakini "it" sharti ikae katikati: "put it off". Kitenzi kinachofuata huchukua "-ing", kwa hiyo andika "put off paying", wala usivutwe na "kuahirisha kulipa" ukaandika "to pay".

Wapo wanaowakosoa watu kwa kusema "put off the lights". Sioni kosa hapo, kwani hata Waingereza husema hivyo, ingawa kwenye barua rasmi ningekushauri uandike "switch off", ambayo imezoeleka zaidi.