Barua kwa mwanangu: nani amekuambia uache?

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia. Umesema Deng Yaping wa China aliacha mpira wa meza akiwa na miaka 24, akaenda zake shule, na wewe mwaka huu unatimiza hiyo 24. Kocha naye amekuambia kimo chako kimefika mwisho wa kukusaidia. Ukauliza: "Mama, si bora na mimi niache kama yeye?"

Kuacha sikukatazi. Ninachobishana nacho ni hilo "kama yeye".

Mwanamke huyo namfuatilia tangu Olimpiki ya Barcelona, 1992. Wakati huo huku Bara hatukuwa na kituo cha televisheni, habari zake nilizipata redioni na kwenye magazeti yaliyofika Dodoma yakiwa yamechelewa. Kwa hiyo nilimjua kwa matokeo yake miaka mingi kabla sijamwona akicheza, na matokeo hayo nayakumbuka vizuri.

Alizaliwa Zhengzhou, jimbo la Henan, mwaka 1973. Baba yake ndiye aliyemfundisha, akaanza na miaka mitano. Timu ya jimbo ilimkataa kwa sababu ya ufupi, na hata alipokua hakuzidi sentimita 150 hivi. Meza yenyewe ina kimo cha sentimita 76, yaani inamfika katikati ya mwili. Akiwa na miaka 13 alikuwa bingwa wa taifa lake, na bado timu ya taifa ilimchukua mwaka 1988 tu. Mwaka uliofuata, kule Dortmund, akatwaa ubingwa wa dunia wa wawili wawili pamoja na Qiao Hong. Mwaka 1991 akawa bingwa wa dunia peke yake.

Sasa sikiliza alivyofanya na huo ufupi, maana hapa ndipo penye faida yako. Alikaa karibu kabisa na meza. Mpira ukidunda tu, yeye ameshaupiga, kabla haujapanda mahali ambapo mkono mrefu ungemzidi. Aliyesimama upande wa pili alikosa muda wa kujipanga. Na upande mmoja wa kibao chake ulikuwa na raba ya vipele virefu, ile inayorudisha mzunguko wa mpinzani ukiwa umegeuka: wewe unapiga mpira unaozunguka kwenda mbele, unakurudia ukizunguka kinyume, unaishia wavuni. Hayo yote ni mchezo uliojengwa juu ya mwili alio nao.

Akashinda Barcelona medali mbili za dhahabu, ya mmoja mmoja na ya wawili wawili. Kisha akaanguka. Mwaka 1993, akiwa bingwa mtetezi wa dunia, hakufika hata fainali ya mmoja mmoja. Mwaka 1994 akafungwa fainali ya Michezo ya Asia kule Hiroshima na Koyama Chire wa Japani. Mtu aliyetaka sababu ya kuacha angeipata hapo, tena ya heshima. Yeye akarudi mwaka 1995 akachukua tena ubingwa wa dunia Tianjin, mwaka 1996 akabeba tena dhahabu zote mbili kwenye Olimpiki ya Atlanta, na mwaka 1997 akashinda ubingwa wa dunia Manchester. Baada ya hapo ndipo akaweka kibao chini.

Umeona, mwanangu? Alipokataliwa hakuacha. Alipofungwa hakuacha. Aliacha siku ambayo hakuna mtu duniani aliyeweza kumwambia aache. Wewe unataka kuondoka kwa sentensi ya mtu mwingine, halafu uiite uamuzi wako. Hilo linaniuma kuliko ungeniambia mchezo umekuchosha.

Na shule nayo haikuwa kimbilio la kupumzika. Alianzia Chuo Kikuu cha Tsinghua, Kiingereza akikianza karibu na sifuri, akaenda Uingereza akapata shahada ya uzamili Nottingham, na mwaka 2008 akapata udaktari Cambridge. Miaka kumi na moja tangu aache kucheza! Bingwa wa dunia anakaa mbele ya kamusi kama mtoto wa darasa la tatu. Ukienda chuo ukiwa umevunjika moyo, miaka ya namna hiyo utaipitaje?

Niseme na jambo nililoliona kwa macho yangu, ingawa mimi si kocha. Unacheza mbali na meza. Unarudi hatua mbili, tatu, unawaachia warefu mchezo wao. Naamini tabia hiyo uliipata hapa nyumbani, kwenye ile meza ya seremala iliyokaa uani. Upepo wetu wa Julai unaujua, na mpira wa gramu 2.7 ni nini mbele yake? Ulijifunza kusubiri uone unapopeperukia ndipo uupige. Ukumbini hakuna upepo, na wewe bado unasubiri. Kocha anaona kimo, mimi naona miguu inayorudi nyuma. Mwombe akufundishe kusimama karibu. Akikataa, tafuta mwingine wa kukutazama, hata kama ni mchezaji mwenzako.

Fomu ya chuo ijaze, tarehe zisikupite. Baba yako na mimi tumeshazungumza: zabibu za Agosti tukiziuza vizuri, sehemu kubwa ni ya ada yako, iwe unacheza au huchezi. Ila kabla hujamwaga kocha wako, niandikie sababu yako ya kuacha bila kutaja kimo wala maneno ya mtu yeyote. Ikitoka, nitakuja mwenyewe kukusaidia kufungasha.

Mama yako,
Hombolo