Je, kucheka kwa riwaya yenye mungu wa kubuni kunamtoa mtu katika Uislamu?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Ninamuuguza mama yangu aliyepooza kwa kiharusi. Usiku ninapokesha naye husoma kwenye simu KonoSuba, riwaya za kuchekesha za Kijapani zilizotafsiriwa kwa Kiingereza. Ndani yake yumo mungu wa kike wa maji aliyefanywa kichekesho, na mna utani wa aibu ambao mimi mwenyewe unanikera. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, anayesomesha madrasa, ameniambia kuwa kwa kucheka nimeritadi, kwamba sala zangu zimebatilika na kwamba lazima nitamke shahada upya. Ametumia Aya ya 65 na 66 za Sura At-Tawba. Nifanye nini?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Mwenyezi Mungu amponye mama yako na akuandikie ujira wa kila usiku unaokesha naye. Nimelitanguliza swali lako kwa sababu hofu uliyotiwa ni kubwa kuliko kosa lenyewe. Wewe ni Mwislamu, hukuritadi, na sala zako zipo kwa Mola wako.

Aya alizokusomea shemeji yako ziliteremka katika safari ya Tabuk, kwa watu waliomkejeli Mtume (s.a.w.) na Masahaba wake, na maneno yake yako wazi: "Mlikuwa mkimfanyia maskhara Mwenyezi Mungu na Ishara zake na Mtume wake?" Basi huyo Aqua, mungu wa maji wa riwayani, anaingia wapi katika vitatu hivyo? Ni mhusika aliyebuniwa na Natsume Akatsuki, anayemcheka kijana Kazuma kwa namna alivyokufa, kisha naye akaburutwa na Kazuma huyohuyo hadi dunia nyingine, ambako anafanya kibarua cha ujenzi, analala zizini na kulia kila mambo yanapomshinda. Anayesoma hayo akacheka hakumtukuza mungu wa uongo. Nabii Ibrahim (a.s.) aliyasimamia masanamu ya watu wake akayauliza, "Je, hamli? Mna nini hata hamsemi?", na Qur'ani ikatuhifadhia kejeli hiyo tuisome mpaka leo.

Wala kusimuliwa kwa ukafiri si kuuamini. Wanazuoni wamesema tangu zamani kwamba mwenye kunukuu ukafiri hawi kafiri, kama si hivyo, kila anayesoma Sura An-Naziat angeingia hatarini afikapo kwenye kauli ya Firauni, "Mimi ndiye mola wenu mkuu." Hukumu ya kumtoa mtu katika dini haijengwi juu ya kicheko cha binti aliyechoka kando ya kitanda cha mgonjwa. Mtume (s.a.w.) amesema, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba mtu akimwita nduguye kafiri, basi neno hilo humrudia mmoja wao. Shemeji yako ana haki ya kunasihi, na huenda amefanya hivyo kwa kukuhofia, lakini mlango alioufungua ni wa moto, nami namwomba aufunge na akutake radhi.

Hadithi za kubuni pia hazikuharamishwa kwa kuwa ni za kubuni. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na farasi wa kuchezea mwenye mbawa mbili, na Mtume (s.a.w.) alipomuuliza kama farasi ana mbawa, akajibu kwamba farasi wa Suleiman walikuwa nazo, Mtume akacheka hadi magego yake yakaonekana. Hadithi hiyo imo katika Sunan Abi Dawud.

Sasa nije kwenye lile linalokukera, na hapa silegezi. Kazuma anatumia uwezo wake wa kuiba akajikuta ameshika nguo ya ndani ya msichana, na fedheha ya msichana huyo ndiyo inayofanywa kicheko. Megumin, msichana mwingine wa riwaya hiyo, ambaye mwanzoni ana umri wa miaka 13 hivi, naye haachwi nje ya utani wa mwili. Kuna na michoro inayowavua wanawake stara. Wapo wanaojitetea kwamba huo ni wino tu na hakuna aliyedhuriwa. Ikiwa wino hauna athari, kicheko chao kimetoka wapi? Moyo unaochekeshwa mara kwa mara na kuvunjiwa heshima kwa msichana huacha kuuona uovu huo. Mtume (s.a.w.) amesema dhambi ni kile kinachokukereketa kifuani nawe ukachukia watu wakione. Kero yako ni imani inayosema, usiizime.

Kwa hiyo, kurasa za namna hiyo ziruke, na michoro usiikodolee macho. Ukiona huwezi kuzitenga, au ukiona zimeanza kukuchekesha, acha mfululizo wote. Juzuu 17 zilizokamilika mwaka 2020 hazitakukimbia, ila sala ya Alfajiri hukimbia, na hiyo isikupite kwa sababu ya simu.

Kisha, binti yangu, hukuniambia kwa nini unakesha peke yako. Kama una ndugu, wakiwemo dada yako na mumewe huyo, mama huyo ana haki juu yao pia, kila mmoja kwa uwezo wake. Kaeni mgawane usiku, nawe upate siku za kulala. Ukipenda, waonyeshe jibu hili.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.