Muulize Fizio: Mtulinga umeunga, mbona bado naogopa mteremko?

Safari hii sanduku limejaa barua za watu wa baiskeli za milimani, karibu wote wamevuka 45, na wengi wanauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti, kwamba hivi mwili huu bado unapona au ndo basi tena. Zilizokuwa ndefu nimezikata, mnisamehe. Na kama kawaida, barua siyo kliniki, ukiwa na maumivu yanayokutisha nenda ukaonwe, usisubiri toleo lijalo.

Habari za kazi fizio. Mimi ni mwanaume wa miaka 53, baiskeli ya mlimani nimeianza nikiwa na thelathini na kitu. Miezi miwili na nusu iliyopita tairi la mbele liliteleza kwenye mizizi iliyolowa, nikaruka juu ya usukani nikatua na bega, mtulinga ukavunjika. Sikufanyiwa upasuaji, nilifungwa tu mkono shingoni. Sasa daktari kasema picha iko safi, mfupa umeunga, niendelee na maisha. Nimerudi, ila nikifika kwenye mteremko mkono unatetemeka, bega linachoka baada ya dakika chache na sikufichi, roho inaruka. Nilivunjika mkono nikiwa na 22 nikarudi kama hakuna kilichotokea. Ni umri au nimeanza kuwa mwoga? — Bega Moja

Pole sana ndugu yangu. Woga tutaurudia, tuanze na bega.

Mfupa umeshafanya kazi yake. Mtulinga wa mtu mzima kwa kawaida unaunga ndani ya wiki 6 hadi 12, na mtu wa 53 mwenye afya yake hapishani sana na kijana kwenye hilo, anayechelewa kweli ni mvuta sigara na mwenye sukari isiyodhibitiwa. Shida yako iko kwenye nyama iliyouzunguka huo mfupa. Kuanzia miaka ya thelathini tunapoteza misuli, inakadiriwa asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10, na ukivuka 60 kasi inaongezeka, sasa juu ya hapo weka wiki kadhaa za mkono kuning'inia shingoni bila kazi. Ulipokuwa na 22 ulipoteza pia, ila ilirudi yenyewe wakati unacheza mpira na kubeba vitu bila kufikiria. Kwa umri wako hairudi mpaka uifuate, na hapa ndo watu wengi wanakwama, wanadhani kupona ni kusubiri. Wanasubiri vizuri sana, wiki zinaisha, picha safi, alafu wanapeleka bega lililokonda kwenye njia ileile iliyowaangusha.

Picha inakuambia mfupa umeshikana, basi. Haikuambii kama bega linaweza kuzuia usukani pale gurudumu la mbele linapogonga jiwe na wewe umefinya breki na uzito wote wa mwili unakuja mbele kwenye mikono. Kule kutetemeka siyo woga, ni misuli imeishiwa.

Kipimo ninachotumia mimi kabla ya kumruhusu mtu kwenye mteremko wa maana ni rahisi tu: pushapu 10 za polepole, kifua kinafika chini, pande zote mbili zinafanya kazi sawa. Kukaa planki kwa mikono iliyonyooka dakika nzima. Kuvuta kitu kizito kuelekea tumboni kwa mkono mmoja mmoja, na ule uliovunjika usiwe nyuma sana ya mwenzake. Ukishindwa hata kimoja bado uko kwenye ukarabati, haijalishi kalenda inasema nini. Anza na pushapu za ukutani, shuka kwenye meza, alafu sakafuni, siku 2 au 3 kwa wiki na siku ya kupumzika katikati. Maumivu kidogo yanaruhusiwa, tuseme hadi 3 kwenye 10, ilimradi kesho yake asubuhi yawe yameshatulia. Yakiamka na wewe, ulizidisha, punguza, usiache.

Kula pia, watu wa rika letu tunakula kidogo protini tukiwa majeruhi eti kwa sababu hatufanyi mazoezi, wakati ndo muda mwili unajenga. Mtu mzima mwenye jeraha alenge gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo mwenye kilo 75 ni kama gramu 90 na kuendelea, na zigawanywe kwenye milo yote, zisirundikwe usiku. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari wake kwanza, hesabu yake ni tofauti.

Sasa huo woga. Ukiogopa unakaza viwiko, ukikaza viwiko kila jiwe linapiga moja kwa moja hadi begani, unashika breki ya mbele kwa nguvu, na breki ya mbele ndo inakurusha. Kwa hiyo rudi kwenye njia ya vumbi iliyo tambarare, kisha milima ya kupanda, kisha mteremko laini ambao ungeushuka hata umefumba jicho moja, urudie mpaka uchoke nao kabisa, ndo uiwaze mizizi. Na siku ya kwanza ya mizizi usiende na vijana, tafadhali, maana nawajua mnavyokuwa mkiona mtu wa miaka 25 anapotelea mbele.

Kwa taarifa tu, Ned Overend, yule Mmarekani aliyetwaa ubingwa wa dunia wa kwanza rasmi wa mchezo huu mwaka 1990 pale Durango, mwaka 2015 alishinda ubingwa wa taifa lao wa baiskeli za matairi manene akiwa na miaka 59. Sikuambii ushindane naye, nakuambia tu 53 siyo jibu la swali lako.

Fizio, mimi dada wa miaka 51. Anguko langu ni la aibu, nilikuwa karibu nasimama kabisa, kiatu changu cha kunasa kwenye pedali kikagoma kutoka nikadondoka pembeni taratibu kama gunia, nikajizuia kwa kiganja. Mkono unauma upande wa dole gumba, uvimbe kidogo tu. Nilipigwa picha siku hiyohiyo wakasema hakuna kitu ni mshtuko wa misuli. Leo ni siku ya 9, bado nashindwa kufungua kifuniko cha chupa. Nivumilie? — Dada wa Pedali

Usivumilie dada, rudi ukaonwe, tena wiki hii.

Fanya hivi: nyoosha dole gumba juu kama unasema safi, utaona kishimo kinatokea chini yake pale kwenye kifundo cha mkono. Bonyeza humo. Kama panauma kuliko mkono mwingine, chukulia una mfupa wa skafoidi uliovunjika mpaka uthibitishwe vinginevyo. Ni kamfupa kadogo, na kati ya vijifupa vya kifundo cha mkono ndo kanakoponzwa zaidi na hiyo tabia ya kujizuia kwa kiganja, na kana ubaya wake wawili. Ufa wake mara nyingi hauonekani kwenye picha ya siku ya kwanza, unakuja kuonekana picha ikirudiwa baada ya siku 10 hadi 14, au ukipigwa MRI. Pili, damu inaingia kwenye huo mfupa kutokea upande wa vidole na kurudi nyuma, hivyo ukikatika katikati, kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu kikafa, na hapo unazungumzia mkono unaouma maisha yako yote. Ndo maana daktari mzuri akiwa na wasiwasi anakufunga banzi linaloshika na dole gumba, picha safi au si safi, kisha anakuita tena. Kama hukufungwa, omba.

Wengine mtasema ndo basi, ni ajali ya kizembe tu. Mimi ajali ya kizembe ndo inanipa mawazo. Mtu akiruka kwenye jabali akavunjika sishangai, lakini mwanamke wa 51 akivunjika kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, swali la pili baada ya mkono ni mifupa mingine ikoje. Hedhi inapokoma homoni ya estrojeni inashuka na mfupa unapungua haraka kwa miaka kadhaa, hauumi, hautoi taarifa. Na baiskeli, pamoja na mapenzi yangu yote kwake, haisaidii sana hapo, kwa sababu umeketi, uzito wako umebebwa na siti, mfupa haupati ule mgongano unaouambia jiimarishe. Moyo wako unaweza kuwa wa msichana na mifupa ikawa ya bibi. Kwa hiyo picha ya pili ikionyesha umevunjika, muulize daktari kuhusu kipimo cha DEXA kinachopima madini ya mfupa, hakiumi na hakichukui muda. Na hata kama haukuvunjika, ongeza kubeba vyuma jimu, skwati, kutembea na mzigo, kurukaruka kidogo kama magoti yanaruhusu.

Pedali nazo, kuna skrubu ndogo pembeni ya ile klipu, ilegeze kidogo kiatu kitoke kirahisi. Au hamia pedali bapa, zisizonasa kiatu, wala si kushuka daraja, wapo wanaoshuka milima mikali kabisa na pedali bapa.

Shikamoo fizio. Baba yangu ana miaka 68, Jumapili alianguka na baiskeli akagonga kichwa, helmeti ikapasuka. Hakuzimia, alicheka akaendelea. Tangu juzi analalamika kichwa na leo amemwita mdogo wangu kwa jina langu mara mbili. Anatumia dawa za kuyeyusha damu kwa ajili ya moyo. Anasema nikimpeleka hospitali nitamharibia wiki. — Mtoto wa Kwanza

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeijibu siku ileile kwa simu uliyoacha na sitasema zaidi kuhusu baba, ila naiweka hapa kwa sababu ya wengine.

Mtu wa umri huo aliyegonga kichwa na anatumia dawa za kuyeyusha damu anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, hata akiwa anacheka. Akianza kuumwa kichwa kinachozidi, kutapika, kuchanganya majina, kusinzia ovyo, upande mmoja kuwa dhaifu, anakimbizwa sasa hivi, hakuna kujadiliana naye. Ubongo ukizeeka unasinyaa kidogo ndani ya fuvu na vile vimshipa vya damu kati ya ubongo na utando wake vinavutika, hivyo pigo dogo linaweza kuvipasua na damu ikavuja taratibu, dalili zikaja baada ya siku au hata wiki kadhaa wakati kila mtu ameshasahau anguko. Watu wanasema mzee ameanza kusahau, kumbe kuna damu inakandamiza.

Na hata kwa asiyetumia dawa yoyote: ukigonga kichwa ukaona mambo hayaeleweki, siku hiyo hupandi tena. Pumzika siku 1 au 2, kisha matembezi mepesi, kisha baiskeli ya kusimama, njia ya mlimani ni mwisho kabisa, dalili zikiwa zimeisha na daktari ameridhika. Helmeti iliyopigwa inatupwa, hata kama ufa huuoni.

Vidole viwili vya mwisho, cha pete na kidogo, vinakufa ganzi nikishuka muda mrefu. Nina miaka 46. — Ganzi

Ni neva ya alna inabanwa na usukani pale kwenye kiganja upande wa kidole kidogo. Angalia kama pua ya siti imeelekea chini, maana inakusukuma mbele, inyanyue, pandisha na usukani kidogo, punguza upepo wa tairi na badilisha mshiko kila mara. Ganzi ikibaki hata ukiwa hupandi, au ukianza kudondosha vitu, nenda ukaonwe mapema, neva haisubiri.

Mzee mwenzangu, nina 62, sijavunjika chochote ila uchovu hautoki tena haraka. Zamani nilipanda Jumamosi na Jumapili, sasa Jumapili miguu ni kuni na goti linanung'unika mpaka Jumatano. Nimegundua nikimeza ibuprofeni mbili kabla ya kutoka siku inaenda vizuri kabisa. Wanangu wanataka kuninunulia baiskeli ya umeme, naona kama wananizika. — Bado Nipo

Mzee mwenzangu, hizo ibuprofeni ndo zinanitisha kuliko goti. Goti linalonung'unika linakupa taarifa na wewe unalizima mdomo kabla ya safari, unarudi umelizidishia bila kujua. Alafu tumbo. Na figo: ukiwa na jasho jingi, maji kidogo, ukachanganya na dawa za presha, hasa zile za kukojoza maji, figo za mtu wa umri wetu zinaweza kuumia vibaya. Hukuniandikia kama una presha, wengi wetu tunayo. Orodha yako ya dawa ipeleke kwa mfamasia kabla ya Jumamosi ijayo.

Kuhusu kupumzika, ni kweli kunachukua muda zaidi, mimi sioni aibu. Weka siku 2 kati ya safari ngumu, safari ya pili iwe fupi na gia nyepesi, na siti iangalie kwanza maana siti iliyo chini sana inalibana goti kwa mbele kuliko umri wowote. Skwati za kiti na kupanda ngazi mara 2 kwa wiki, miezi mitatu, goti litakuwa na jibu lingine.

Baiskeli ya umeme ikubali tu. Inakubebea mlima, unafika juu ukiwa na miguu ya kushukia, na ajali nyingi za uchovu zinatokea pale mtu amefika juu hoi. Ila ujue ni nzito, nyingi zinavuka kilo 20, ikianguka juu ya mguu si mchezo na breki inahitaji nafasi ndefu zaidi, kwa hiyo safari za kwanza nenda nayo njia unayoijua, msaada wa mota uwe wa chini kabisa. Na waambie hao watoto wakupeleke ukaijaribu kwanza kabla ya kununua, uone kama unaweza kuinyanyua mwenyewe ikilala.