`write` imegoma kwenye seva ya Ubuntu

Swali: Tuko mafundi wanne, wote tunaingia kwa SSH kwenye seva moja ya Ubuntu 22.04. Zamani nikiandika `write juma`, ujumbe ulikuwa unamfikia Juma. Siku hizi najibiwa `effective gid does not match group of /dev/pts/1`. Wote tumeshaweka `mesg y` (amri ya kuruhusu ujumbe wa wengine kwenye skrini). Tufanyeje?

Jibu: `mesg` haina kosa. Andika `ls -lL $(which write)`. Ukiona `-rwxr-xr-x` bila herufi `s` upande wa kundi, tatizo ndilo hilo. Terminali ya Juma ni faili, `/dev/pts/1`, na `mesg y` hulifungulia kundi la `tty` peke yake. Zamani `write` ilivaa kundi hilo kwa alama ya setgid (ndiyo hiyo `s`, inayoipa programu haki za kundi la faili lake). Machi 2024 kukatangazwa kasoro ya WallEscape (CVE-2024-28085): `wall` (amri ya kutuma ujumbe kwa wote walioingia) ilikuwa haichuji herufi za udhibiti, kwa hiyo mtu aliweza kuchora kwenye skrini ya mwenzake ombi bandia la nenosiri la sudo. Ubuntu na Debian zikaziba kasoro, kisha zikaiondoa setgid kwenye `wall` na `write` zote mbili. Unaweza kuirudisha kwa `chmod`, lakini sishauri: imeondolewa kwa makusudi.

Kwa ujumbe wa mara moja, tumia `sudo write juma pts/1`. Namba ya pts utaipata kwa `who`. Usipoitaja na Juma ana terminali kadhaa, programu itachagua ile aliyoigusa karibuni. Kila ukibonyeza Enter mstari unakwenda, na Ctrl+D inamaliza. Kumbuka root (msimamizi mkuu, ambaye sudo inakupa haki zake) haizuiwi na `mesg n`, kwa hiyo utamwingilia hata aliyefunga mlango. Akiwa ndani ya vim (programu ya kuhariri maandishi), maneno yako yatamwagika juu ya maandishi yake. Faili halidhuriki, abonyeze Ctrl+L skrini ijichore upya.

Ila kwa watu wanne wanaoongea kutwa, `write` ni adha tupu. Wekeni IRC yenu (mfumo wa soga ya maandishi) humo humo: ngircd ndiyo seva ya soga, irssi ni programu ya kuingilia, na tmux huiacha ikiendelea hata ukitoka:

`sudo apt install ngircd irssi tmux`

Fungua `/etc/ngircd/ngircd.conf`, na chini ya `[Global]` uweke `Listen = 127.0.0.1`. Mstari huu usiusahau, maana bila huo mlango (port) wa 6667 wa IRC unaweza kubaki wazi kwa dunia nzima. Ukikuta humo `Password` imewashwa, ama uizime kwa kutia `#` mbele yake, ama umpe kila mtu hilo nenosiri. Vinginevyo irssi itakataliwa na utadhani seva imekufa. Halafu `sudo systemctl restart ngircd`.

Kila mmoja aanze na `tmux new -s soga`, aandike `irssi`, kisha ndani yake:

`/connect 127.0.0.1`
`/join #mafundi`

Faragha kati ya mtu na mtu ni `/query juma`. Kutoka bila kukata mazungumzo, bonyeza Ctrl+B kisha `d`. Kurudi ni `tmux attach -t soga`. Mtandao wa nyumbani ukikatika, irssi inaendelea kupokea kwenye seva, na ukirejea utayasoma yote yaliyosemwa. Usimbaji mwingine hamuhitaji, kwani kutoka kwenu hadi kwenye seva SSH inatosha, na ndani ya seva maneno hayatoki nje ya mashine.