Maswali ya Wasomaji: Hii kero naweza kuishtaki?

Swali: Shikamoo shangazi. Nyuma ya kwetu hapa Dar kuna baa inapiga mziki mpaka alfajiri, mtoto halali. Nimelalamika, wananiambia kero ni neno tu, sheria haiijui. Kweli?

Jibu: Marahaba mwanangu, pole sana, na wamekudanganya. Mtaani kero ni kila kitu, kero ya maji, kero ya foleni, hata wanasiasa wana kero za Muungano, na nyingi ya hizo huwezi kumpeleka mtu kotini. Sheria inaangalia zaidi kama starehe yako kwenye nyumba yako imeharibiwa kupita kiasi, kwa hiyo bethidei ya jirani ya siku moja haihesabiki ila spika za kila usiku, moshi, maji machafu yanayotiririka uani kwako, hizo zinahesabika kabisa.

Ikikugusa wewe na nyumba yako ni kero binafsi, unafungua madai unaomba fidia na zuio la mahakama. Ikiumiza mtaa mzima ni kero kwa umma, na hiyo ni kosa la jinai kwenye Kanuni ya Adhabu. Halafu kuna Sheria ya Mazingira ya 2004, NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, wanaisimamia na wameshafungia baa kwa ajili ya kelele, sasa usikae kimya. Rekodi mziki kwa simu, andika tarehe na saa, anzia serikali ya mtaa, ukipuuzwa nenda NEMC na majirani zako, mtoto anahitaji usingizi bwana!