Barua kwa mwanangu: hiyo kazi ya kuandika muziki

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tu wazima, baba yako anakusalimu.

Umeniuliza uache benki uandike historia ya muziki wa dansi, na kama kazi hiyo itakulisha. Kwa vitabu peke yake, haitakulisha. John Kitime, aliyeandika mengi kuhusu muziki wetu, ni mpiga gitaa pia. Wewe gitaa hujui, kwa hiyo benki usiiache kwanza.

Lakini kazi ifanye. Ila usianzie kwa Mbaraka Mwinshehe. Tangu afariki kwa ajali ya gari huko Kenya, Januari 1979, kila anayeshika kalamu anaanza naye. Anza hapa Iringa, na Tancut Almasi. Ile ilikuwa bendi ya kiwanda cha kukata almasi, shirika la umma. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ya umoja wa vijana. Polisi Jazz jina lajieleza. Unaona ninakokwenda? Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mwisho wa mwezi watu walisaini mshahara. Lebo ya santuri itakupa jina la bendi na la mtunzi, basi. Mpiga tumba mtafute kwenye daftari la mishahara, na nani alisome vizuri kama si mtu wa benki?

Wazee nao wahoji sasa, wangali na pumzi. Jirani yetu wa hapa Kihesa aliyekuwa akipiga gitaa la ridhim ana picha ya bendi yao, majina yameandikwa nyuma kwa penseli, isipokuwa ya wawili. Hayo yalikuwa yamemtoka kichwani. Nikamwimbia kipande cha wimbo wao, kwa hii sauti yangu ya kwaya, mmoja akamkumbuka palepale: jina, mtaa, hata deni analomdai. Nilipouliza ilikuwa mwaka gani, akajibu, "Ule wa foleni za sukari." Haya, foleni za sukari zilikuwa mwaka mmoja? Jibu kama hilo liandike lilivyo, kisha kapekue matangazo ya dansi kwenye magazeti ya zamani ya Uhuru na Mzalendo.

Ukija Pasaka, mfuate asubuhi. Jioni anakuwa ametoka kilabuni kwenye ulanzi, na hapo kila wimbo uliowahi kupigwa Iringa kautunga yeye.

Mama yako