Kengele Ikilia, Kituoni Huonekana Nini?

Maswali ya wiki hii yametoka Kisumu, Nakuru na Kakamega, na yote yanahusu vituo vya ufuatiliaji, yaani vile vyumba ambamo wahudumu hukesha wakipokea ishara za kengele za nyumba na maduka ya wateja.

Nilipobonyeza kitufe cha dharura, gari la walinzi lilikuja bila mtu kunipigia simu. Kengele ya mlango ilipolia mwezi uliopita, walinipigia kwanza. Mbona tofauti? (Mwenye duka, Kondele, Kisumu)

Mhudumu wa zamu hasikii king'ora chako hata kidogo. Anachokiona kwenye skrini ni mstari mmoja wenye namba ya mteja, saa, sehemu ya jengo na nambari inayoeleza aina ya tukio. Katika mfumo uitwao Contact ID, unaotumiwa na paneli nyingi (paneli ni kile kisanduku cha kengele kinachotuma ishara kituoni), 130 ni uvamizi, 120 ni kitufe cha dharura, 110 ni moto na 100 ni mgonjwa. Kitufe hubonyezwa na mtu, tena mtu ambaye pengine amesimama na jambazi mbele yake, na simu ikilia wakati huo inaweza kumponza. Ndiyo maana gari hutumwa kwanza. Kihisi cha mwendo, kwa upande wake, huona tu joto linalosogea, na paka ana joto. Kwa hiyo unapigiwa wewe, kisha mtu wa pili kwenye orodha yako. Hata hivyo, mlango ukifuatwa na ukumbi, na ukumbi ukafuatwa na chumba cha kulala, hizo ni nyayo za mtu anayetembea, na mhudumu makini hangoji simu ipokelewe.

Nikilazimishwa kuzima kengele kwa kutishiwa panga, je? (Msomaji, Section 58, Nakuru)

Mwombe fundi akuwekee namba ya siri ya pili, ya wakati wa kulazimishwa. Ukiiweka, paneli huzimika kama kawaida na jambazi huridhika, huku kituoni ikiingia 121 kimyakimya. Kila aliye nyumbani aijue, na isifanane mno na ile ya kila siku, la sivyo mtaletewa walinzi kila jioni.

Kuna pia neno la siri la kwenye simu. Mhudumu akikupigia na ukamwambia tu kwamba mambo ni shwari bila kulitaja, atakushukuru kwa upole, akate simu, kisha atume gari. Nilipokuwa nikifanya zamu za usiku, mzee mmoja alilisahau neno lake, akanitukana vilivyo, na dakika chache baadaye walinzi wakamkuta langoni akiwa na shuka kiunoni na mswaki mkononi. Alikasirika sana, lakini ningerudia vilevile.

Huku kwetu kila mvua ikinyesha stima hupotea. Kituo hujua? (Mwalimu, Kakamega)

Hujua, ingawa paneli nyingi hungoja kidogo kabla ya kutuma ishara hiyo, ambayo ni 301. Nyumba ishirini za mtaa mmoja zikiituma kwa mpigo, mhudumu anajua kwamba hilo ni la kampuni ya umeme. Nyumba moja ikikosa stima peke yake usiku wa manane, huenda kuna mtu aliyefikia swichi kuu, na hapo anastahili kukupigia simu. Kwa wakati huo paneli huendeshwa na betri, kwa kawaida ya volti 12, ambayo hufaa kubadilishwa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Ukiarifiwa kuhusu ishara 302, yaani betri imedhoofika, usiipuuze, kwa maana stima ikikatika tena huenda paneli ikanyamaza kabisa.

Na kunyamaza ndiko ninakokuogopa zaidi. Paneli iliyowekwa vizuri hutuma ishara ya majaribio, 602, kila siku kwa saa maalum, ili kusema kwamba ingali hai. Isipofika, huenda laini yake ya simu imeishiwa salio, au antena imeng'olewa. Muulize msimamizi wako wa kituo wanachukua hatua gani 602 inapokosekana. Akisitasita, tafuta kituo kingine.

Wadudu wa ziwani huniamshia kengele. Nikizime kihisi? (Msomaji, Dunga, Kisumu)

La. Pangusa kioo chake, ondoa utando wa buibui, na uzime taa iliyo karibu nacho, kwa kuwa ndiyo inayowavuta wadudu.

Kukiwa na moto, wao huita zimamoto? (Mpangaji, Lanet, Nakuru)

Kituo kizuri huwaita zimamoto kwanza, kisha wewe. Jikoni weka kihisi cha joto badala ya kile cha moshi, kwa sababu chapati zinatosha kukiamsha cha moshi. Kisha hakikisha maelezo ya kufika kwako yaliyo kituoni hayaishii kwenye namba ya ploti, ambayo dereva hawezi kuiona gizani, bali yanataja kanisa, kisima au lango la rangi fulani, na upande wa kupinda.